Vifo vya Tezi Dume Kanda ya Ziwa: Kinachoongezeka Ni Nini?

Je, saratani ya tezi dume inaua wanaume wengi zaidi mkoani Mwanza leo kuliko miaka 20 iliyopita? Ukiuliza kliniki, jibu la haraka litakuwa ndiyo: foleni ya wazee wenye shida ya mkojo ni ndefu, majibu ya vipimo yanayorudi na jina la saratani ni mengi, na redio haziishi kuwahimiza waliovuka miaka 50 wakapime. Ukiuliza kwenye ofisi ya mtaa Nyakato, mjini Mwanza, ambako wafiwa hupeleka taarifa ya kifo kilichotokea nyumbani, utasikia mambo mengine kabisa: wazee wanakufa kwa presha, kwa sukari, kwa kuugua muda mrefu, kwa uzee. Majibu yote mawili yanatoka katika mji mmoja na yanahusu watu wale wale. Hoja ya makala haya ni kwamba kati ya majibu hayo hakuna mwenendo wa vifo unaosomeka, mpaka tupime kwanza jinsi uandishi wa vifo wenyewe ulivyobadilika mwaka hadi mwaka. Kwa ugonjwa huu, na kwa kanda hii, mabadiliko ya daftari yanaweza kabisa kuzidi mabadiliko ya ugonjwa.

Tuanze na takwimu zinazonukuliwa sana. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, linakadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilipata wagonjwa wapya wa saratani ya tezi dume karibu milioni 1.5, na waliokufa kwa ugonjwa huo walikuwa kama 397,000. Katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, Tanzania ikiwamo, ndiyo saratani inayoongoza kwa wanaume. Jopo la wataalamu lililoitishwa na jarida la The Lancet lilitabiri mwaka 2024 kwamba wagonjwa wapya watapanda kutoka milioni 1.4 mwaka 2020 hadi milioni 2.9 mwaka 2040, na kwamba mzigo mkubwa wa ongezeko hilo utaziangukia nchi za kipato cha chini na cha kati. Watu huzisoma tarakimu hizi kana kwamba kuna aliyepita akihesabu makaburi. Kwa nchi isiyo na daftari kamili la vifo, hesabu ya vifo hupatikana kwa njia ya mzunguko: wanachukuliwa wagonjwa walioandikishwa na rejista chache za saratani, kisha idadi yao inapitishwa kwenye kikokotoo cha uwezekano wa kufa, ambacho nacho kinakisiwa kwa kutazama hali ya maendeleo ya nchi. Maana yake ni kwamba rejista ikiongeza bidii na kuwanasa wagonjwa zaidi, vifo katika jedwali la Lyon navyo vitapanda, hata kama hakuna mzee hata mmoja wa ziada aliyezikwa. Siwalaumu wanaotengeneza makadirio hayo, kwa kuwa wao wenyewe huyaita makadirio. Kosa linaanza pale tunapoyaweka makadirio ya 2012, 2018 na 2022 kwenye mstari mmoja, tukachora mshale unaopanda na kuuita mwenendo wa vifo.

Kilicho karibu zaidi na kaburi ni vitabu vya hospitali. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ilifanya kazi nzito ambayo haijapewa heshima inayostahili: watafiti wake walipita katika hospitali 39 nchini wakifukua madaftari ya vifo, vitabu vya wagonjwa waliolazwa na fomu za taarifa za kuanzia 2006 hadi 2015. Walikusanya vifo 247,976. Katika hivyo, vilivyotajwa kuwa vya saratani vilikuwa 12,621, yaani kama 5 katika kila 100. Kwa wanaume, saratani zilizoongoza kwa kuua zilikuwa ya umio, ya ini na ya tezi dume, na kwa ujumla vifo vya saratani vilionekana kuongezeka kadiri miaka ilivyokwenda. Lakini kuna tarakimu moja humo inayotakiwa kumsimamisha msomaji: asilimia 56.5 ya vifo hivyo vya saratani ilikuwa ya watu wenye umri kati ya miaka 15 na 59. Sehemu ya maelezo ni kwamba Tanzania ni nchi ya vijana, na kwamba saratani ya shingo ya kizazi huwaua wanawake wakiwa bado na nguvu za kazi. Sehemu nyingine haielezeki hivyo. Saratani ya tezi dume ni ugonjwa wa wazee. Wengi wanaokufa nao wamevuka miaka 65. Kitabu cha hospitali kinachojaa watu wa makamo kinatuambia pia ni nani wanaofia wodini, na wazee si wengi miongoni mwao.

Wanafia wapi? Nyakato ni mahali pazuri pa kujibu swali hilo, kwa sababu ni eneo la wahamiaji. Viwanda vyake na barabara ya kwenda Musoma viliwavuta watu kutoka Ukerewe, Kwimba, Sengerema, Mara na Kagera, na wengi wao mjini wana nyumba lakini kijijini ndiko kwao. Mzee akishaambiwa kwamba dawa zimefika mwisho, familia inakaa kikao. Kila mtu kwenye kikao hicho anajua kwamba kumsafirisha mgonjwa ni nauli, na kumsafirisha maiti ni gari la kukodi, jeneza na vibali. Kwa hiyo anapelekwa nyumbani angali hai. Anafia ng'ambo ya ziwa au bondeni Kwimba, anazikwa kesho yake pembeni ya boma, na jina lake haliingii kwenye kitabu cha Hospitali ya Bugando, wala cha Hospitali ya Sekou Toure, wala cha mtaa wake wa Nyakato. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba katika kanda yake ya Afrika ni kifo kimoja tu katika kila 10 kinachosajiliwa. Mwanza haihitaji kukumbushwa na Geneva maana ya kukosa orodha. Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, daftari la abiria halikulingana na watu waliokuwemo melini, na hadi leo idadi ya waliokufa hutajwa kwa tofauti ya mamia, ilhali makaburi yapo Igoma, jirani kabisa na Nyakato, na yeyote anaweza kwenda kuyaona.

Hata vile vifo vinavyosajiliwa havisajiliwi kwa ajili ya kujua kilichoua. RITA, wakala uliokabidhiwa kazi ya kusajili vizazi na vifo mwaka 2006, unatekeleza sheria ambayo mizizi yake ni ya enzi za Waingereza, na mwananchi anautafuta pale anapokuwa na shida ya cheti. Cheti cha kifo kinatakiwa mahakamani kwenye mirathi, kinatakiwa na mfuko wa pensheni, kinatakiwa benki. Hakuna hakimu wa Mahakama ya Mwanzo anayeahirisha shauri la mirathi kwa sababu cheti kimesema moyo badala ya tezi dume. Yeye anataka kujua kama mtu amekufa, lini, na ni nani wamebaki. Matokeo yake ni madaftari yanayowanasa vizuri zaidi wanaume wenye kiwanja, akaunti au mafao, na yanayojali sababu ya kifo kwa kiasi kile kile anachojali hakimu. Juhudi kubwa za usajili za miaka ya karibuni, zilizoanzia Mbeya mwaka 2013 na kisha kuja Mwanza, ziliwalenga watoto wa chini ya miaka mitano. Ilikuwa sawa kabisa kuanzia hapo. Ila mzee wa miaka 75 hana wa kumpigania kwenye foleni hiyo, na mara nyingi umri wake wenyewe umekadiriwa kwa kumbukumbu ya njaa fulani au ujio wa mkuu fulani wa wilaya, kisha ukasogezwa ukawa 70 au 80 kamili.

Tuingie sasa wodini, kwa sababu kuna wanaodhani tatizo ni la vijijini tu. Chukua mfano wa mzee wa miaka 74. Miaka mitatu nyuma alichukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha tezi cha kupimwa maabara, ikaonekana saratani, akaondolewa korodani ili kuinyima saratani homoni inayoilisha. Alipata nafuu ya kweli, akarudi kwenye shughuli zake. Kisha maumivu ya kiuno na mgongo yakaanza, kwa kuwa saratani hii hupenda mifupa. Akawekewa mpira wa mkojo, figo zikachoka, damu ikapungua. Usiku mmoja analetwa hoi na alfajiri anafariki. Daktari wa zamu, ambaye hajawahi kumwona, anachukua fomu ya kitabibu ya sababu ya kifo. Fomu hiyo, kwa mpangilio wa Shirika la Afya Duniani, ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ngazi ya kushuka: mstari wa juu unataka kilichomuua dakika ya mwisho, unaofuata unataka kilicholeta hicho, na wa chini kabisa unataka chanzo cha yote. Sehemu ya pili ni ya magonjwa mengine yaliyochangia. Ikijazwa sawasawa, ngazi ya mzee huyu itasoma: kushindwa kwa figo, kutokana na kuziba kwa njia ya mkojo, kutokana na saratani ya tezi dume. Karani wa takwimu atauchukua mstari wa chini na kuupa alama C61 ya Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, na kifo kitahesabiwa mahali pake.

Lakini alfajiri hiyo faili la zamani limo kabatini kliniki ya upasuaji, ndugu wanaulizia utaratibu wa mochwari, na wagonjwa wengine wawili wanamsubiri daktari huyo huyo. Mstari wa juu unaandikwa kwamba moyo na mapafu vimesimama, na mistari ya chini inabaki mitupu. Moyo na mapafu ya kila maiti vimesimama. Hiyo ni tafsiri ya kifo, haina habari yoyote ndani yake. Au unaandikwa upungufu wa damu. Au kushindwa kwa figo, basi. Au saratani iliyosambaa, bila kutaja ilikotokea, na kifo kinakwenda kwenye alama C80, kapu la saratani zisizo na anwani. Mzee aliyevunjika paja kwa sababu mfupa ulishaliwa na saratani anaweza kuandikwa kuwa amekufa kwa kuanguka. Na akifia nyumbani, ndugu akasema tu kwamba alikuwa mtu mzima, kuna R54, yaani uzee. Wataalamu wa takwimu za vifo wana jina lisilo na adabu kwa alama za namna hii, wanaziita takataka, na nchi yenye takataka nyingi haiwezi kusema lolote la uhakika juu ya saratani moja moja. Kuna pia kosa la upande wa pili, ambalo husahaulika: mzee mwenye saratani iliyotulia, akafa kwa kiharusi, anaweza kuandikiwa saratani kwa sababu tu ndilo jina kubwa lililomo kwenye faili lake. Wanaume wengi huzeeka wakiwa na saratani ya tezi dume ambayo haiwasumbui kamwe. Kufa nayo na kufa kwayo ni mambo mawili.

Ukingo huu wa ziwa unaongeza matatizo yake. Mtu akisema baba yake alikufa kwa tezi dume, amesema jambo la kweli ambalo bado halimsaidii karani, maana kwa lugha ya kila siku tezi dume ni kuvimba kwa kawaida kwa tezi, ambako huwapata wazee wengi na kunatibika, na ni saratani pia. Kwenye uainishaji, uvimbe wa kawaida ni N40 na saratani ni C61, na kati ya alama hizo mbili kuna kipimo cha kinyama ambacho marehemu huenda hakukipata. Kisha kuna kichocho. Katika maeneo ya Usukuma yaliyo mbali kidogo na ziwa, kichocho cha mkojo kimekuwepo vizazi na vizazi, na madaktari wa Bugando wameandika juu ya uhusiano wake na saratani ya kibofu. Kwa hiyo damu kwenye mkojo, mkojo kuziba, maumivu ya kinena na kukonda, dalili ambazo kwingine zingemwelekeza msikilizaji moja kwa moja kwenye tezi dume, hapa zinaweza kumpeleka kwenye kibofu, na mara nyingine kwenye magonjwa yote mawili kwa mgonjwa mmoja.

Hadi hapa ni hoja ya takwimu pungufu, na upungufu peke yake haungeua mwenendo. Mizani inayopunja gramu 100 kila siku bado inaweza kuonyesha kama mtoto anaongezeka uzito. Shida yetu ni kwamba mizani yenyewe inabadilika, na inabadilika kwa namna zinazovutana. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Kanda ya Ziwa aliyehitaji mionzi alikuwa na mahali pamoja pa kwenda, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mwanza. Alifia huko, au njiani, au nyumbani baada ya kukosa nauli ya kurudia. Bugando, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971 na inayohudumia mikoa ya kanda nzima, ilijenga idara yake ya saratani na hatimaye mionzi ikapatikana Mwanza kwenyewe. Hatua hiyo ni ya kushukuru. Kitakwimu, inahamisha vifo kutoka Dar es Salaam na vijijini kuja kwenye vitabu vya Mwanza. Mtu atakayelinganisha vitabu vya Bugando vya 2008 na vya 2023 ataona ongezeko, na sehemu ya ongezeko hilo itakuwa ni wagonjwa kutoka Geita, Simiyu na Mara waliopata matumaini karibu na kwao. Akigawanya vifo hivyo kwa wakazi milioni 3.7 waliohesabiwa mkoani Mwanza mwaka 2022, atakuwa ameweka mikoa mingi juu ya mstari na mmoja chini yake. Hapo hapo, huduma za tiba shufaa zikiimarika na wagonjwa wakaweza kukaa nyumbani bila maumivu makali, vifo vya wodini vitapungua, na kuna atakayesema ugonjwa umedhibitiwa.

Wengine watasema haya yote ni uchambuzi wa kupita kiasi, kwamba mwelekeo unajulikana hata bila tarakimu za mwisho. Hoja hii ina uzito, na ushahidi wake bora uko ng'ambo ya ziwa. Rejista ya Saratani ya Kampala, iliyoanza miaka ya 1950 ikihudumia kaunti ya Kyadondo, ni miongoni mwa rejista kongwe kabisa barani. Kati ya 1991 na 2010 iliona wagonjwa wapya wa saratani ya tezi dume wakiongezeka kwa wastani wa asilimia 5.2 kila mwaka, baada ya kurekebisha umri. Rejista nyingine za Afrika zinaelekea huko huko. Sina ubishi na hilo. Lakini kinachopanda Kampala ni wagonjwa wapya, na wagonjwa wapya hupanda kwa kupimwa pia: kipimo cha damu cha PSA, upasuaji zaidi wa tezi zilizovimba ambao nyama yake inapelekwa maabara, na wanaume waliosikia tangazo wakaja. Vifo ni swali lingine. Vinaweza kupanda, vikatulia au vikashuka wakati wagonjwa wapya wanapanda, na kila hali ina dawa yake. Vikipanda kwa sababu wanaume wanaishi zaidi, na sensa zetu zilionyesha matarajio ya kuishi yakitoka miaka 51 mwaka 2002 hadi karibu 62 mwaka 2012, basi nchi inapata wazee iliyokuwa ikiwapoteza kwa UKIMWI, na inatakiwa kujiandaa kwa magonjwa yao. Vikipanda ndani ya umri ule ule, basi kuna tatizo la kuchelewa au la tiba. Vikipanda kwa sababu tu fomu zinajazwa vizuri, hakuna kilichobadilika kwa wagonjwa, na fedha zikielekezwa huko zitakuwa zimefuata kivuli.

Isidhaniwe pia kwamba hili ni gonjwa la nchi maskini. Nchini Marekani, ambako karibu kila kifo kina cheti, vifo vya tezi dume vilipanda hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 kisha vikaporomoka hadi karibu nusu. Kila mtu alitaka sifa: wa upimaji wa PSA, wa upasuaji, wa homoni. Mwaka 1999 Eric Feuer na wenzake wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya nchi hiyo walitoa hoja isiyopendeza kwa yeyote. Upimaji ulikuwa umewapa wanaume wengi jina la saratani ghafla. Asilimia ndogo tu ya hao ikiandikiwa saratani kimakosa kwenye cheti, vifo vitapanda, na wimbi la ugunduzi likipita, vitashuka, bila dawa yoyote kuhusika. Hawakusema hiyo ndiyo sababu yote, na kwa kweli kushuka kuliendelea mno kuelezwa na makosa ya uandishi peke yake. Lakini somo lilieleweka. Jaribio kubwa la Ulaya la upimaji, lililotoa matokeo yake mwaka 2009 baada ya kufuatilia wanaume zaidi ya 160,000, halikuviamini vyeti. Liliunda kamati za kupitia vifo, wajumbe wakasoma mafaili bila kujua nani alipimwa na nani hakupimwa, ndipo wakaamua nani aliuawa na saratani. Ikiwa Uholanzi na Sweden zilihitaji kamati, Kanda ya Ziwa haiwezi kujenga sera juu ya mistari mitupu.

Bahati ni kwamba kifaa cha kujirekebishia kipo, na kipo jirani. Ukitoka Nyakato kwa barabara ya Musoma, mbele kidogo ya mji unafika Kisesa, wilayani Magu. Huko NIMR na washirika wake wamekuwa wakifuatilia kaya zote tangu 1994: nani amezaliwa, nani amehamia, nani amekufa. Kusudi la kwanza lilikuwa UKIMWI. Kwa kila kifo, mhojiwa ni ndugu aliyemuuguza marehemu, na maswali ni ya dalili na muda wake, siyo ya jina la ugonjwa. Njia hii ya kuchunguza sababu za kifo kwa mahojiano ina historia ndefu nchini. Mradi wa vifo vya watu wazima ulioendeshwa na Wizara ya Afya kuanzia 1992 katika Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini uliitumia kwa maelfu ya vifo, na kwa mara ya kwanza watunga sera waliona watu wazima wanakufa kwa nini wakiwa majumbani. Uzuri wa Kisesa ni kwamba kifo cha mzee aliyerudishwa kufia nyumbani kinahesabiwa sawa na cha aliyefia Bugando, na idadi ya watu walio hai wa umri wake inajulikana.

Atakayepinga atasema mahojiano hayawezi kutofautisha saratani na uvimbe wa kawaida. Ni kweli kwa kiasi. Programu ya kompyuta inayotumika sana kusoma mahojiano haya haina hata safu ya tezi dume. Inaweka saratani zote za viungo vya uzazi, vya wanaume na wanawake, pamoja. Ila ukiwatenga wanaume waliovuka miaka 60, kilichobaki kwenye kapu hilo karibu chote ni tezi dume. Zipo programu nyingine zenye safu yake kamili. Tena kosa la mahojiano lina fadhila ambayo cheti hakina: maswali yanaweza kubaki yale yale. Swali lile lile kuhusu mkojo, mgongo na kukonda, likiulizwa kwa namna ile ile kwa miaka 15, linaweza kukosea kiwango na bado likasema kweli juu ya mwelekeo. Mwenendo unahitaji kipimo kisichoyumba kuliko unavyohitaji kipimo kilicho sahihi kabisa.

Pingamizi linalogusa moyo zaidi ni la anayeuliza kwa nini shilingi iende kwenye karatasi wakati mgonjwa hana dawa. Jibu ni kwamba dawa huagizwa kwa karatasi. Mofini, ambayo ndiyo tofauti kati ya kufa kibinadamu na kufa ukipiga kelele kwa mwanaume ambaye saratani imeingia mifupani, iko chini ya udhibiti wa kimataifa. Kila nchi hupeleka makadirio ya mahitaji yake ya mwaka kwenye bodi ya udhibiti wa dawa za kulevya iliyoko Vienna, na njia ya kawaida ya kukadiria huanza na idadi ya watu wanaokufa kwa saratani. Mzee aliyeandikwa uzee hakuhesabiwa katika chupa zilizoagizwa. Na wale wanaosema familia zitaona aibu, kwa sababu ugonjwa unagusa sehemu za siri na tiba yake ni kuhasiwa, wanasahau kwamba sababu ya kifo inaweza kwenda kwa mtakwimu kwenye fomu ya siri bila kuonekana kwenye cheti kinachosomwa mbele ya ukoo. Hilo ni suala la mpangilio wa karatasi tu.

Kazi yenyewe haihitaji mapinduzi. Kila hospitali inapotoa idadi ya vifo vya tezi dume, itoe pamoja nayo mambo machache: ni vifo vingapi vya wanaume wa miaka 60 na zaidi vimeandikwa uzee, figo bila chanzo, uvimbe wa tezi, au saratani isiyo na anwani; ni wangapi kati ya walioandikwa C61 walikuwa na majibu ya kinyama; na wangapi wanatoka nje ya mkoa. Madaktari wapya wafundishwe ngazi ya fomu kwa mafaili halisi, na faili la kliniki limfuate mgonjwa wodini. Miaka ya kwanza ya kazi hii itatisha. C61 itapanda kwa kasi, na magazeti yataandika juu ya mlipuko. Wizara iseme mapema kwamba inalitarajia hilo, na iangalie jumla badala ya safu moja: C61, C80, N40, R54 na figo zisizo na chanzo, zikijumlishwa kwa wanaume wa rika moja. Ni kipimo butu, kwa sababu ndani ya uzee kuna moyo na kiharusi pia, na kwa hiyo kisomwe Kisesa kwanza, ambako walio hai wanahesabiwa na vifo vya nyumbani havipotei. C61 ikipanda huku safu nyingine zikishuka na jumla ikitulia, kilichoongezeka ni uandishi. Jumla ikipanda pamoja na C61, raundi baada ya raundi ya ufuatiliaji, kwa wanaume wa umri ule ule, hapo swali la mwanzo litakuwa limeanza kupata jibu.